Kioo cha Chini

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Pindo. Ameanguka ngazini, akafariki. Ameanguka akiwa na miwani mpya. Narudia: miwani mpya.

Alishona sare za shule katika chumba cha ghorofani. Pindo lake halikufumuka. Watoto walirithishana sare, pindo likabaki palepale. Macho yalipoanza kuchoka, alinyoosha mkono mbali ili alione tundu la sindano. "Macho mazima," alitania, "ni mikono imekuwa mifupi!"

Binti yake akampeleka kwenye duka la miwani. Alipimwa vizuri, tusiwasingizie. Akapewa miwani yenye lenzi mbili kwa kila jicho, moja juu, moja chini. Kioo cha juu ni cha kuonea mbali. Cha chini ni cha karibu, umbali wa sindano na kitabu. Ukitazama mbali kwa hicho, unaona ukungu. Na mguu wako mwenyewe, wapendwa, kwa kioo hicho uko mbali.

Wala hakunyamaza. Binti anakumbuka: "Mama aliuliza, 'Mwanangu, mbona sakafu inanikimbia?' Muuzaji akacheka. 'Utazoea, bibi. Uzee huo.'"

Utazoea! Somo lote ndilo hilo. Hakuambiwa: ukishuka ngazi, inamisha kichwa, kidevu kifuani, utazame kwa kioo cha juu. Sentensi moja! Mdomo uliokuwa mwepesi wa kucheka ukawa mzito wa kusema.

Siku ile alimaliza sare ya mjukuu wake anayeanza shule. Akaitupia begani, akashuka akiangalia miguu, kama afanyavyo mtu mwangalifu: kichwa wima, macho chini. Macho yakapitia kioo cha chini. Ngazi ikawa ukungu. Akakanyaga hewa.

Msibani watu walinong'ona, "Ajali haina kinga." Hii ilikuwa nayo! Kinga ilikuwa sentensi moja.

Binti, mjukuu, poleni sana. Tunalia nanyi. Wewe unayeuza miwani, fungua mdomo. Nawe unayenunua, usitoke dukani kabla hujaelezwa kila kioo ni cha kutazamia nini. Wakikucheka, uliza tena.

Mjukuu ameanza shule. Sare inamkaa vizuri. Binti alipoigeuza ndani, akakuta pindo pana, limekunjwa mara mbili. "Mama alimwachia nafasi ya kurefuka," alituambia. "Alitaka kulifumua yeye mwenyewe."