Dagaa Wazuri Juu ya Gunia

Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa Rwamishenye, na ninyi mliovuka maji kutoka Goziba, mimi ni Lameki, mdogo wake marehemu, na hii ni historia ya tatu ninayoisoma katika ukoo wetu mwaka huu, kwa hiyo sauti ikififia mnivumilie, nimechoka.

Dada yetu Judica Kokugonza, ambaye wengi mlimwita Ma Judica, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika kijiji kilicho jirani na Rubya, wilaya ya Muleba, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Kagaruki na marehemu mama Anatolia. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akafaulu, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache, akarudi shambani kupalilia migomba na kuchuma kahawa, na sehemu ya kahawa hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi.

Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na Elikana Mwijage, wakajaliwa watoto wawili, Mwesiga na Elina. Mwaka 1984 alianza biashara ya dagaa kisiwani Goziba, na wavuvi mlioko hapa mnakumbuka kwamba hakununua gunia kwa kuliangalia, alizamisha mkono mpaka chini akatoa dagaa wa huko, kwa sababu kila muuzaji anajua kuweka wazuri juu, na aliyekutwa na wenye mchanga aliambiwa ukweli wake mbele ya watu. Mumewe alifariki mwaka 2003, akahamia Rwamishenye na kufungua duka, na mwaka 2011 alimzika Mwesiga, akabaki na Elina peke yake, mwalimu huko Singida.

Ugonjwa wa kisukari uligundulika mwezi Mei 2008, akaanza vidonge, baadaye sindano, na kila vipimo vilipokuwa vibaya Elina aliomba ruhusa, akapanda basi kuja kumuuguza. Lililofuata Elina mwenyewe ameniruhusu kulisema, kwamba mimba zake mbili ziliharibika, ya pili akiwa njiani kuja huku, na tangu siku hiyo dada yangu alibeba jambo hilo kifuani kama jiwe.

Mwaka 2023 Elina alimnunulia kile kidude cheupe mlichokiona mkononi mwake, kipana kama kizibo cha soda, ambacho hukaa chini ya bega na kupima sukari mchana na usiku, nawe ukipitisha simu juu yake inasoma, kisha inapiga hesabu ya wastani na kukadiria sukari yako ya muda mrefu, kile ambacho kliniki wanakiita kipimo cha miezi mitatu. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Elina alikuwa mjamzito tena, daktari akamwambia alale, asisafiri, na kila Jumapili mama yake alimtumia picha ya kadirio hilo, nalo lilikuwa zuri kupita matarajio yetu, sita nukta nane, Elina akalala, na sisi sote tukamshukuru Mungu.

Aprili 2024 kidonda cha mguu kilikataa kupona, nikampeleka hospitali, damu ikapimwa maabara, kipimo cha miezi mitatu kikasoma kumi nukta sita. Daktari aliyemtibu, kijana mpole, hakugomba, aliomba simu, akafungua kurasa ambazo hatukuwahi kutumiwa, akatuonyesha kwamba mchana wote ulikuwa mtupu, kwa sababu kidude kile hutunza saa nane tu za nyuma, na mgonjwa asipopitisha simu kwa muda mrefu, za zamani hufutika. Ma Judica alipitisha simu mara moja tu kwa siku, alfajiri, kabla ya kuweka kitu mdomoni, hivyo simu ilipewa saa za usingizi pekee, nayo ikakadiria kwa uaminifu kile ilichopewa, huku saa za ndizi, za chai na za soda zikipotea. Nilimuuliza kama hakuelewa maelekezo, akasema, “Nilielewa, waitu, mdogo wangu. Nilipanga dagaa wazuri juu ya gunia, ili mtoto wangu alale.”

Nilikasirika, na sitawaficha kwamba hasira hiyo bado ninayo kidogo, maana angeweza kujipunguzia vyakula badala ya kuvificha, lakini alisema sukari ilipanda hata alipojinyima, na alichoka kumtisha mtoto kwa namba. Tarehe 2 Juni 2024 Elina alijifungua salama binti, akamwita Kokugonza, na alipokuja na kichanga mwezi Agosti, dada alimweleza yote kwa kinywa chake akiwa wodini, kesho yake mguu ukakatwa. Aliniagiza jambo hili lisomwe leo, ili ninyi mnaovaa kidude hiki mpitishe simu hata baada ya kula, na ili asitokee mtu wa kumwambia Elina kwamba alilala wakati mama yake anaugua. Elina, mwanangu, ulilazwa na mama yako, hukumtupa.

Baadaye figo zilishindwa, akavumilia zaidi ya mwaka, na alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, alifariki mkono wake ukiwa katika mkono wa Elina.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha, wafanyabiashara wenzake wa dagaa mliolifungua duka lake kila siku bila kuombwa, na usharika uliomletea Neno kitandani.

Dada, maisha yako yote ulizamisha mkono chini ya magunia ya watu, gunia lako ukatuonyesha wa juu peke yao, ukabaki na wa chini mwenyewe. Mjukuu wako amelala mgongoni kwa mama yake hapa mbele, hajui kitu. Basi zamu ya kulala sasa ni yako, pumzika kwa amani.