Kopo la Mtihani

Mama Pacha alipanda basi na kopo lake mapajani. Fundi cherehani aliyeketi ubavuni, akitafuna zabibu kavu kutoka kwenye karatasi, akachungulia. "Na wewe zabibu, dada?"

"Kinyesi, kaka. Cha digidigi na cha swala."

Fundi akasogea kando kidogo. Mama akamweleza: aliacha uaskari wa wanyamapori mapacha walipozaliwa, miaka kumi na mitatu sasa. Leo anapimwa upya. Asiyetambua kinyesi harudishwi kazini.

"Miaka kumi na mitatu! Umeota kutu, dada."

"Huota kutu jembe lililolala, na mimi kwa wale wawili sijalala. Haya, nitege!" Akafumba macho.

Fundi akatoa punje koponi, akamwekea kiganjani. Mama akaipapasa, akanusa. "Digidigi."

Ya pili. "Swala."

Ya tatu, mjanja akatoa kwenye karatasi yake. "Hii haijapita tumboni mwa mnyama yeyote!"

Basi zima likacheka. "Umebahatisha tu," fundi akanung'unika, akarudisha punje harakaharaka, hii koponi, ile kwenye karatasi, kisha akaendelea kutafuna.

Basi likasimama. Mama Pacha akainuka, akalitazama kopo lake.

"Za digidigi zilikuwa sita, kaka. Sasa naona tano, na zabibu moja."

Fundi akaacha kutafuna.