Kipanya Kinachotembea Chenyewe

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe dada uliyekuja kupokea kiti changu cha ufundi wa kompyuta ninapostaafu leo: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mshereheshaji amenisifu mpaka nikageuka nyuma kutazama anasemwa nani. Kasema niliwaletea programu za bure: ya kuandikia barua, ya kutunza nywila ili msizibandike tena ukutani, ya kupunguza mwanga wa skrini macho yasiwaume. Ni kweli. Na wewe Katibu Muhtasi, kompyuta yako haikuwa na jini. Nilizima tu programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe, basi.

Lakini kuna moja hakuitaja. Zamani mkinipigia simu, nilipanda ngazi na bisibisi yangu. Mlinisogezea kiti, mkaniambia nani kajifungua na nani kanuniwa nyumbani, na Mama wa Masjala alinimiminia chai hata kabla sijauliza tatizo. Kazi ya dakika chache ilikula asubuhi nzima, na nani alilalamika? Kisha nikapata programu ya bure inayomwezesha fundi kuendesha kompyuta ya mtu akiwa mbali. Nikaiweka kwenye mashine zenu zote, nikafurahi kama mtoto. Kumbe najifungia mlango mwenyewe. Nikawa nakaa chumba cha chini, navisogeza vipanya vyenu, nanyi mnainuka kwenda kupiga soga mpaka nimalize.

Mke wangu alipofariki mlikuja msibani, Mungu awalipe. Niliporudi kazini, simu zikawa zile zile: "Fundi, ingia kwenye mashine utazame." Nikaingia. Siku moja narekebisha kompyuta ya Mama wa Masjala, nikaona maneno yanajiandika kwenye ukurasa mtupu, kumbe yeye hakuinuka mezani pake: "Fundi, umekula lakini?" Nikamjibu, "Nimekula, mama." Sikuwa nimekula. Ndugu zangu, nililia peke yangu mle chumbani, na sioni haya kulisema. Mama yule naye alishastaafu, na tangu hapo hakuna aliyeniandikia kitu.

Kesho naamkia nyumba isiyo na wa kuniita hata kwa tatizo. Hilo ni langu, ukubwa ni jaa. Lakini huyu dada ni mgeni, hana ndugu katika mji huu, na amekabidhiwa chumba kile kile. Je, naye tumwache aozee mle?

Mheshimiwa Mkurugenzi, usihangaike na barua ya onyo, maji yakimwagika hayazoleki: asubuhi ya leo nimeiondoa programu ile kwenye kila kompyuta ya jengo hili. Mkikwama, itabidi dada huyu apande ngazi. Nawaombeni jambo moja tu. Akifika mezani pako, usiinuke ukaenda zako. Kaa naye mpaka amalize.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu, na kwaherini.