Mbeba Taa wa Kasri

Benchi letu linatazamana na ukumbi wa zamani wa sinema, ambao siku hizi unauza magodoro. Hapo tunakaa Kinyozi, Fundi Saa, Mdomo na mimi, tunakunywa kahawa na kumlilia Taa bila kukiri kwamba tunamlilia. Taa alikuwa mwenzetu. Wageni walikuja kutengeneza filamu ya kutisha ndani ya kasri, wakamtoa kwenye kubeba mizigo sokoni, wakampa taa aishike. Kwenye filamu anamfungulia bwana mlango, jinamizi linamnyonga yeye Taa, na filamu ndiyo kwanza inaanza. Haukupita muda akafa kweli, kwa homa, akaacha mtoto mchanga. Picha yake nyingine hatuna, ndiyo maana hatuchoki kuibishania ile.

Kinyozi: — Hivi kwa nini kwenye kila filamu ya kasri, anayefanana na sisi ndiye anatangulia kufa?

Fundi Saa: — Giza, ndugu yangu. Filamu haina rangi, kasri jeusi, mtu mweusi. Mpiga picha haoni kitu, anaona bora amuondoe mapema.

Kinyozi: — Acha hizo! Si alipewa taa?

Fundi Saa: — Ya kuwamulikia wao.

Kinyozi: — Mimi nasema jinamizi lilikuwa linaonja kwanza, kama mpishi na chumvi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Fundi Saa: — Mwenyeji kapona wapi hapo?

Kinyozi: — Methali haina kosa. Kosa la jinamizi.

Tulicheka, isipokuwa Mdomo. Yeye enzi hizo alisimama kando ya pazia la sinema na kipaza sauti, akitutafsiria filamu huku inakwenda.

Mdomo: — Hana ndugu, basi. Mmewahi kumwona mama yake mle kwenye filamu? Mke? Akifa hakuna wa kumlilia, hadithi inasonga mbele.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, paji lake la uso ni la Taa kabisa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Mimi binti yake Taa. Ile filamu nimeipata, nimeitazama mpaka macho yameuma. Baba hasemi hata neno.

Fundi Saa: — Hasemi? Anasema, "Bwana, usiingie, nyumba hii inakula watu!" Tulimsikia ukumbi mzima!

Mdomo akainamisha kichwa.

— Nilikuwa mimi. Pale anafungua kinywa tu, muziki unamfunika. Iliniuma, nikamtilia maneno.

Kinyozi: — Na ule ukelele wa kunyongwa?

Mdomo: — Wangu pia.

Binti akachutama mbele yetu, akatoa simu, akaiwasha irekodi.

— Sauti yake sijawahi kuisikia, baba zangu. Nyinyi mlikaa naye hapa kila siku. Alikuwa anaongeaje?

Kinyozi akajikohoza. "Habari za asubuhi, wazee," akaiga. Ikatoka sauti ya Mdomo, ile ya ukumbini. Fundi Saa akajaribu naye, ikawa Mdomo yule yule. Mimi nikafumba macho. Nilimwona Taa vizuri, meno yake, mabega yake, midomo inacheza, na sikusikia chochote. Mdomo alikuwa analia.

Simu ikarekodi magari tu.