Mwalimu Dunstan Nandonde, Aliyetunga Lugha ya Ungo

Ndugu waombolezaji, familia inaomba utulivu wenu, ili tuwasimulie maisha ya mpendwa wetu.

Mwalimu Dunstan Nandonde alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Lupaso, mtoto wa tatu wa Mzee Nikolao na Mama Severina, wakulima wa korosho, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akamaliza sekondari mwaka 1979, akasomea ualimu, na mwaka 1982 akaanza kufundisha hisabati Masasi mjini, ambako wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwahi kumcheka aliyekosea.

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Lois, wakajaliwa Agnes na Erasto.

Biashara ya nje ilipofunguliwa na kompyuta zilizokwishatumika kuanza kuletwa, shule yake ilipata moja mwaka 1995, na Mwalimu, alipoona vijana hodari wa hesabu wakikwama kwa sababu mashine iliamriwa kwa Kiingereza, alitunga lugha ya kuandikia programu yenye maneno kama "rudia" na "sivyo", akaiita Ungo, na Mei 1998 akaanza kuigawa bure kwenye diski za flopi, maandishi yake yote ya ndani yakiwa wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha.

Mwaka mzima hakupata mtumiaji hata mmoja, ingawa kila Jumamosi alizunguka ofisi za Masasi na Newala, akijibiwa kwa upole, "Mwalimu, kompyuta ni mambo ya Kiingereza," naye akishukuru na kuacha diski mezani.

Juni 1999 ilifika barua ya Somoe Jafari, mzaliwa wa Chilangala aliyekuwa akifundisha kupiga chapa Newala mjini, ikisema, "Shikamoo Mwalimu, lugha yako nzuri, lakini inakosea kugawanya," na Mwalimu aliisoma mara tatu, akamwita mkewe, "Mama Agnes, kuna mtu ameitumia!"

Baadaye Somoe aliandika upya sehemu yote ya hesabu, iliyokuwa imemchukua Mwalimu miezi kumi na mmoja kuitunga, na Mwalimu alipoipokea kazi hiyo aliumia moyoni, akaifungia kabatini wiki mbili, hadi mkewe aliposema, "Baba Agnes, umewaita watu waingie, sasa mmoja ameingia unamnunia?"

Kesho yake alipanda gari kwenda Newala, akaomba radhi, akaliandika jina la Somoe juu ya lake kwenye kijitabu cha Ungo, na wengine walipoona kwamba mgeni anapewa nafasi ya kutengeneza, wakaja, hata kufikia mwaka 2003 walikuwa thelathini na wanne.

Novemba 2004 alianza kuugua figo, akatibiwa Hospitali ya Mkomaindo, na tarehe 2 Juni 2005 Somoe alimletea toleo jipya lililochapwa, Mwalimu akapekua kurasa zote akitafuta mistari yake mwenyewe, akakuta saba tu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Basi, imeshakuwa ya watu."

Alfajiri ya tarehe 11 Juni alituaga, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lois.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, walimu wenzake, na ninyi nyote mlioletwa na Ungo mkiwa hamfahamiani, na leo mmebeba jeneza lake pamoja.

Umefanya kazi nzuri, Mwalimu, sasa pumzika kwa amani.