Mama Kushoto na Kiti Kidogo cha Nyuma

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Kushoto anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya magari ya kukodi hapa mpakani. Jina lake la kwenye mkataba analijua mhasibu. Sisi wengine tulimkuta akiitwa hivyo, na kazi ndiyo iliyompa jina: ng'ambo ya mpaka magari hupita kulia, kwetu hupita kushoto, na kila mtalii anayevuka lazima afundishwe upya kabla hajashika usukani.

Alianza kwa kufagia uwanja. Meneja wa wakati huo aliona wageni wanamsikiliza yeye kuliko meneja, akampa chumba chenye ubao na viti, akamwambia afundishe. Humo hakuna aliyepewa funguo bila kuyarudia masharti kwa kinywa chake. Kaa kushoto. Kwenye mzunguko, mpishe anayetoka kulia. Mikanda kwa wote, hata wa nyuma. Simu mfukoni. Ng'ombe akisimama barabarani, barabara ni yake, mwache amalize. Bwana harusi mmoja alifeli, bibi harusi akapita, basi fungate nzima akaendesha bibi.

Mwaka wake wa pili darasani ilikuja familia na gari lao jeupe, wakihitaji bima tu. Baba alikuwa na haraka, akasema udereva hakuuanza jana. Binti yao mdogo ndiye aliyekaa darasani, kwenye kiti kidogo cha nyuma, akasikiliza, akawa anarudia "kushoto, kushoto", hadi akavutwa mkono somo likiwa katikati. Adhuhuri ile ile, jua likiwa utosini, baba alijisahau akapita kulia kwenye kona ya tangi la maji, na lori lilikuwa linakuja. Wazazi walipona. Mtoto alikutwa kiti cha nyuma, amefariki, mkanda ameufunga vizuri kama alivyofundishwa.

Haukupita muda mrefu, wageni wakaanza kutusifia mashine. Wanarudisha gari, wanashukuru kwa kile kisauti cha mtoto kinachowaambia "kushoto" kutoka nyuma kila wakijisahau. Mmoja aliomba tukipunguze, mwingine akauliza kinauzwa wapi. Mashine hiyo hatuna, wala hatujawahi kuwa nayo. Mimi ndiye ninayeosha magari yakirudi, na naapa kwa dodoki langu: wamekodi watu wawili, kiti cha nyuma kina vumbi tupu, lakini mkanda umefungwa, na ukiushika una joto. Nimezoea kuufungua nikitazama pembeni.

Mama Kushoto hakucheka wala kushtuka. Kile kiti kidogo cha darasani alikiacha palepale, na kila somo alilielekeza huko pia. Sheria ilipobadilika na taa zikatakiwa ziwake hata mchana, aliingia darasani peke yake akakifundisha kiti kitupu. Wiki hiyo hiyo wageni walirudi wakisema mtoto amewakumbusha taa. Hapo hata fundi wetu, ambaye haamini mvua mpaka alowe, akaanza kuvua kofia kila akiingia chumba kile.

Alikuwa astaafu zamani. Kila mara aliomba aongezewe muda, tukadhani ni mapenzi ya kazi. Wiki iliyopita, akikoroga chai, alinieleza kinachomkosesha usingizi. Mtoto yule anazunguka na kila mgeni, hafiki popote, kwa sababu sharti la mwisho hakulisikia. Na Mama hakuwahi kulisema chumbani. Akilifikia huwatoa wageni nje, akawaambia uwanjani. Aliogopa kwamba akilisema, kisauti kitanyamaza na watu watakufa barabarani. Ama mtoto wa watu apumzike, ama watoto wa wengine wafike salama: mzigo huo kaubeba miaka yote bila kumwambia mtu. Meneja wa sasa alimsihi aondoke zake, kiti kibaki kikifanya kazi. Mama akamjibu kuwa mtoto haajiriwi.

Jumatatu hii adhuhuri alinikalisha kiti cha mbele darasani, akafundisha masharti yote tangu mwanzo, kisha lile la mwisho: ukifika, zima gari, fungua mkanda, shuka, mshike mkono mtu mzima uliye naye. Nyuma yangu kitu kilitoa mlio mdogo, kama mkanda unaofunguka. Sikugeuka. Nilikuwa nimeshikilia meza kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo mikanda ya nyuma inarudi imelegea. Jana mtalii mmoja alirudisha gari likiwa limekwaruzwa ubavuni. Alijisahau akapita kulia, na hakuna aliyemwambia kitu. Naogopa, sifichi. Wiki ijayo ninaanza kufundisha mimi, na funguo nitazikalia kama alivyozikalia yeye.

Nanyi wenzangu mmemwona akitoka kazini siku hizi. Anatembea polepole, hatua fupi fupi, mkono mmoja ameuachia chini kidogo. Akifika kwenye gari lake hufungua kwanza mlango wa nyuma, husubiri, ndipo hufunga na kwenda kukaa kwenye usukani.

Mama Kushoto, asante kwa niaba ya wote waliofika salama bila kujua wamshukuru nani. Tunawatakia maisha mema, wewe na huyo uliyempeleka nyumbani.