Mashine ya Cheche ya Mwalimu Muhanji

Mbele ya Mchungaji, jamaa, walimu wenzake, na wengine ambao mpaka jana hatukuwaona hapa, mimi Bramwel, mdogo wake, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya Mwalimu Barnaba Muhanji, nami nitasoma polepole, ili baadaye mtu asiseme hakusikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1921 huko Isecheno, mtoto wa pili wa mzee Lumadede na mama Navalayo, akasoma shule ya misheni, akaendelea Makerere, na Januari 1946 akaanza kufundisha sayansi katika Shule ya Sekondari ya Shikoye, ambako hakuhama tena. Alifunga ndoa na Risper tarehe 14 Desemba 1948, na Mungu akawajalia watoto wanne, Chrispinus, Beldina, Nanjala na Erastus.

Mwaka 1964 shule ilipata vyombo vipya, na vile vya zamani, mizani ya shaba, darubini, na ile mashine ya vioo viwili na ncha za shaba inayozungushwa kwa mkono mpaka itoe cheche, vikaamriwa kutupwa shimoni. Marehemu alisema nchi changa isianze kwa kutupa, akaomba ruhusa ya mwalimu mkuu, akapewa mbele ya walimu wote, avihifadhi nyumbani mpaka shule ijenge stoo isiyovuja. Alivifungia kabatini sebuleni, akivipangusa kwa kitambaa kikavu, na aliyetaka kuisugua shaba kwa majivu ing'ae alifukuzwa, kwa kuwa majivu hula alama za vipimo.

Aprili 1966 radi ilimuua ng'ombe wa jirani yetu Shitanda, na ninyi mnajua radi ya Kakamega haingoji kutumwa, lakini macho yote yaligeukia nyumba hii, kwamba mashine ya cheche ndiyo iliyoituma. Marehemu, aliyeamini kwamba mtu akiona ataelewa, aliwaita majirani, akamwomba Shitanda azungushe mpini, cheche ikamrukia kidoleni, naye akaondoka akisema hii kitu inaumanga watu, na tangu siku hiyo hakuna aliyekula tena kwetu. Jambo hilo lilimuuma ndugu yangu kuliko ugonjwa.

Aliugua figo kuanzia Novemba 1968, akalazwa hospitalini, akafariki tarehe 9 Mei 1969. Wapo waliosema radi yake imemrudia, nao wameketi hapa, tunawaambia daktari alisema figo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wa Shikoye, na majirani waliokuja kumjulia hali, hata wale waliomsalimia yeye huku wakiangalia kabati.

Tumesikia kwamba wengine wanataka mashine izikwe pamoja naye, isije ikarithiwa, na wengine wanaombea izikwe, ili waifukue wauze shaba. Msihangaike. Iko chini ya meza hii ninayosomea, imefunikwa kwa kitambaa chake, pamoja na mizani na darubini, na kabla jeneza halijashushwa Risper atavikabidhi vyote kwa mwalimu mkuu, mkiona wote, maana stoo imekwisha kujengwa. Kaburini anaingia Barnaba peke yake, na asiyeamini asogee sasa atazame.

Ndugu yangu, umevilinda vya kutosha, zamu tumeishika sisi, pumzika kwa amani.